Nifanyeje akili ikae pale mikono ilipo?

Fundi_Ngambo
Mwangaluka ndugu zangu. Mimi ni fundi cherehani hapa Ng'ambo, Tabora, huu mwaka wa 11. Wiki iliyopita nilikata kitenge cha mama mmoja, cha harusi ya mwanawe. Nimefika kwenye mabega ndipo naona mikono yote miwili ni ya kulia. Nilikata wa kwanza, nikakata wa pili bila kugeuza karatasi ya kipimo. Kitambaa kile sokoni kimekwisha. Mkasi ulikuwa mkononi, akili iko kwenye simu, kwenye ada ya mtoto, kwenye maneno ya jana. Hata kwenye swala nasoma Alhamdu naimaliza sijui nimesoma nini. Ratiba nimejipangia mara tatu, zote zimekufa siku ya nne. Aliyewahi kuizoeza akili yake anieleze alivyofanya, siyo alivyosikia.

Kijana_Isevya
Kaka, simu iache nyumbani. Basi.

Fundi_Ngambo
Wateja wananitumia vipimo humo humo, mdogo wangu. Na siku iliyoisha chaji bado niliwaza mengine.

Mlinaji_Sikonge
Mwanangu, pole kwa kitenge. Mimi nalina asali tangu ujana, na aliyenifundisha kutulia ni nyuki. Mtu akiwapumulia mlangoni wanachokozeka. Akiumwa akaanza kurusha mikono, anaumwa zaidi, maana mwiba wa kwanza unaacha harufu inayowaita wengine. Kwa hiyo marehemu baba hakuniruhusu kupanda mti mpaka nikae kwanza chini yake, nipumue kwa pua, polepole, uso pembeni, mpaka niusikie mzinga unavyovuma. Siku nyingine nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi, akasema turudi nyumbani, leo hujafika.

Siku hizi nina mizinga michache karibu na nyumba. Asubuhi, kabla sijazungumza na mtu, naketi kwenye kigoda kando ya mmoja, naangalia tundu tu. Nahesabu nyuki wanaorudi na chavua miguuni, ile ya njano. Nahesabu mpaka 100. Nikipotea narudi moja. Sijilaumu, sijikemei, narudi moja. Mwezi wa kwanza sikuvuka 30. Nilidhani kazi ni kutopotea, kumbe kazi yenyewe ndiyo ile ya kurudi. Wewe huna nyuki, lakini una sindano.

Mama_Chemchem
Shikamoo mzee wangu, umesema kweli. Mdogo wangu fundi, nakuongezea moja la swala. Mimi nilikuwa natoka jikoni mbio, mikono ina unga, naingia kwenye mswala. Moyo ulikuwa unabaki kwenye sufuria. Sasa nikishatawadha nakaa kwanza kitako, kimya, kama muda wa kukuna nusu nazi, ndipo nasimama. Na usijitwishe mengi kwa pupa. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni inayodumu, japo kidogo. Naona ratiba zako zilikuwa ndefu mno.

Fundi_Ngambo
Shikamooni wote wawili. Leo siku ya 12. Asubuhi kabla ya kufungua mlango wa mbele napiga pindo moja kwa mkono, nahesabu mishono. Siku ya kwanza nilipotea kwenye 9. Jana nimefika 64, halafu nikakumbuka deni la umeme, nikarudi moja. Na kabla ya mkasi nalaza kiganja juu ya kitambaa, nakipapasa mpaka nijue upande wa juu ni upi, ndipo nakata. Yule mama nimemlipa nusu, nyingine mwisho wa mwezi. Alinyamaza tu, na hilo linaniuma kuliko angenigombeza.

Mzee, ukifika 100 unaendelea?

Mlinaji_Sikonge
Marahaba mwanangu. Hapana, nainuka nakwenda kunywa uji.