"Pick me" au "pick me up"? Vitenzi vya Kiingereza vyenye mkia

Karani_Umoja

Wadau, salaam. Natunga mazoezi ya sarufi ya Kiingereza kwa watahiniwa wa KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari Kenya), hasa lile swali la 4 la karatasi ya pili lenye alama 15. Nimekwama kwenye vitenzi vyenye mkia: "turn off", "look after", "pick up" na jamaa zao.

La kwanza: "turn the radio off" ni sawa, "turn off the radio" ni sawa, lakini "turn off it" ni kosa. Ukija kwa "look after", mambo yanapinduka: "look after it" ni sawa, "look it after" ni kosa. Kwa macho tu, "off" na "after" ni vijineno vya aina moja. Nimweleze mwanafunzi nini?

La pili: mbona hapa Nairobi tunakata mkia mahali pamoja na kuubandika pengine? Tunasema "pick me at Kencom" (steji ya katikati ya jiji) bila "up", halafu tunageuka na kusema "let us discuss about the matter".

Jibu la "kariri tu" naomba mliweke kando, nimeshalishiba.

Mwalimu_wa_Lugha

Karani, "off" na "after" hawana undugu wowote hapo. Katika "turn off the radio", "off" ni kielezi. Kimeshikamana na kitenzi, na redio ni shamirisho la kitenzi hicho, yaani kile kinachotendwa. Katika "look after the baby", "after" ni kihusishi, na kihusishi hakiachi nomino yake. Mwonyeshe mwanafunzi kwa Kiswahili: "kata mkate kwa kisu" anaisema kila siku, lakini hawezi kusema "kata mkate kisu kwa". Kielezi hakina kifungo hicho, ndiyo maana kinaweza kuruka redio kikaenda kukaa mwisho.

Vipimo vitatu vinatosha darasani.

Weka kiwakilishi, kama "it" au "them". Kikilazimika kuingia katikati, "turn it off", una kielezi. Kikikaa mwisho, "look after it", una kihusishi. Hiki ndicho kipimo cha kutegemea kuliko vyote.

Pachika neno kama "carefully" kati ya kitenzi na mkia. "She looked carefully at the map" inapita. "She turned quickly off the radio" inagoma, kwa sababu kitenzi na kielezi chake havipendi mtu wa tatu.

Tumia sikio. Kielezi hutiwa mkazo: turn it OFF. Kihusishi humezwa: LOOK at it. Wanafunzi wetu wengi husoma silabi zote kwa uzito mmoja, kwa hiyo kipimo hiki kitakuhitaji usome kwa sauti mwenyewe kwanza.

Tahadhari: kijineno kimoja kinaweza kuvaa kofia zote mbili. "She looked over the report" ni kuipitia ripoti, na unaweza kusema "looked it over". "She looked over the wall" ni kuchungulia juu ya ukuta, na hapo ni "looked over it" peke yake. Kwa hiyo usimpe mwanafunzi orodha ya "hivi ni vielezi, hivi ni vihusishi". Orodha hiyo itamwangusha.

Na kwa kuwa unatunga mtihani: ukiandika swali lenye nomino fupi kama "the radio", kuna majibu mawili sahihi na utagombana na wasahihishaji. Ukitaka jibu moja, tumia "it" au "them". Shamirisho likiwa refu sana, mkia ubaki karibu na kitenzi: "Turn off all the lights that the watchman left on." Ukiuweka "off" mwisho kabisa, msomaji atakuwa amesahau ulikuwa unazima nini.

Mtafsiri_Ngara

Nichukue la pili. Kiswahili huficha mkia tumboni mwa kitenzi. Tuna "ngoja" na "ngojea", "kimbia" na "kimbilia", "lia" na "lilia". Kazi ya "for" au "to" imefanywa na mnyambuliko. Penye "turn on" na "turn off" sisi tuna vitenzi viwili tofauti, "washa" na "zima". Mtu akiwaza "nichukue Kencom", kitenzi kimejitosheleza, haoni pengo la kujazwa na "up". Ndipo inapotoka "pick me", ambayo kwa Mwingereza ni "nichague mimi". Ni vivyo hivyo na "he is not picking", yaani hapokei simu, ambayo kwao ni "he is not picking up". Na "jaza fomu" inageuka "fill the form", wakati Uingereza wanasema "fill in" na Marekani mara nyingi "fill out".

Kubandika mkia usiohitajika kuna chanzo kingine: nomino. Kiingereza kinasema "a discussion about", "a request for", "emphasis on", "entry into", "contact with". Hizo zote ni nomino na zinataka kihusishi. Vitenzi vyake havitaki: discuss the matter, request a letter, emphasise the point, enter the room, contact the office. Mtu hubeba kihusishi cha nomino akakitwika kitenzi. Kwa "discuss" hata Kiswahili kinamsukuma, maana "tujadiliane kuhusu" ni sahihi kabisa kwetu.

Kundi la tatu ni maambukizi. "Cope up with" imeambukizwa na "keep up with" na "catch up with". Sahihi ni "cope with". "Result to" imeambukizwa na "lead to". Sahihi ni "result in".

Ongeza na hili, maana linaonekana sana kwenye insha: "the man whom I talked to him". Hilo ni Kiswahili kitupu kimevaa suti. Sisi husema "mtu ambaye nilizungumza naye", na hiyo "-ye" ya mwisho ni lazima. Kiingereza huacha kihusishi kikining'inia peke yake: "the man I talked to". Mwanafunzi huona kimebaki uchi, anamwekea "him".

Kijana_wa_Rongai

Mbona tujitese hivi? Ukimwambia mtu wa hapa "pick me at Kencom" anakuja, hashangai. Kiingereza cha Kenya ni Kiingereza pia.

Mtafsiri_Ngara

Hakuna anayekataa, ndugu. Kwenye simu na stejini kinafanya kazi yake vizuri. Karani anatunga mtihani, na huko msahihishaji anakata alama. Ila nakubali tusikimbilie shoka: kuna walimu wanaokata "advocate for" kila waionapo, ilhali Marekani inaandikwa kawaida.

Karani_Umoja

Asanteni sana. Moja limebaki: "I look forward to hear from you". Mwanafunzi anauliza mbona ni kosa wakati "I want to hear from you" ni sawa, na "to" ni ileile.

Mwalimu_wa_Lugha

Si ileile. Mwambie aweke "it" baada ya "to". "I look forward to it" inakubali, kwa hiyo "to" hapo ni kihusishi, na kitenzi kinachofuata kihusishi huchukua "-ing": "look forward to hearing". "I want to it" haikubali, kwa hiyo "to" hiyo ni alama ya kitenzi tu. Kipimo hichohicho kinafaa kwa "object to" na "be used to" yenye maana ya kuzoea.

Vitenzi vya maneno matatu vina mpangilio mmoja: kielezi kwanza, kihusishi mwisho. Put up with, run out of, look down on, do away with. Kwa sababu la mwisho ni kihusishi, kiwakilishi hukaa nyuma: "put up with it". Vichache vina shamirisho la pili ambalo lazima likae katikati: "I'll take you up on that offer", "put me through to the manager".

Wanapoangukia ni kihusishi kisicho na cha kushika. "We have run out of unga": mtenda ni sisi, unga unashikwa na "of". "The unga has run out": unga ndio umeisha, baada yake hakuna nomino, kwa hiyo "of" haina kazi. Utaona sana "the unga has run out of". Piga mstari hapo. Vivyo hivyo "I will catch up" bila nomino, "I will catch up with them" ikiwepo.

Kijana_wa_Rongai

Sawa mwalimu, nimenyoosha mikono. Na matatu je, ni "get in" au "get on"?

Mwalimu_wa_Lugha

Basi na treni, ambamo unaweza kusimama na kutembea, ni "get on" na "get off". Gari dogo na teksi ni "get in" na "get out of". Bodaboda ni "get on", kwa sababu unakaa juu yake. Matatu ya abiria 14 iko katikati: unaingia umeinama kama kwenye gari dogo, lakini unalipa nauli kama kwenye basi, na utasikia zote mbili. Kwenye mtihani ikwepe kwa "board a matatu" na "alight from a matatu". "Board" haina mkia hapo, usiandike "board into".