Wimbo wa New Orleans katika The Simpsons: kwa nini Bart aliadhibiwa ubaoni?

Msomaji wa Usiku aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Nimekuwa nikirudia msimu wa 4 wa katuni ya Kimarekani The Simpsons, na kipindi kiitwacho "A Streetcar Named Marge", ambamo Marge, mama yake Bart, anaigiza katika tamthilia ya nyimbo, kimeniachia maswali mawili. Tamthilia inayoigizwa, A Streetcar Named Desire ya Tennessee Williams ya mwaka 1947, si ya kuimbwa kwa namna ile. Je, nyimbo zile zilitoka wapi? Na kwa nini katika kipindi kilichofuata Bart anaonekana akiandika ubaoni kwamba hataukashifu mji wa New Orleans, ilhali yeye hakuwamo hata jukwaani?

Mzee wa Kanda alijibu:

Nyimbo zile chanzo chake ni wanasheria. Kampuni ya Fox, inayorusha katuni hiyo, haikupata haki ya kutumia vipande virefu vya maneno ya Williams, lakini hapakuwa na kizuizi cha kutunga nyimbo mpya kabisa zinazoigusa hadithi hiyo, na mwandishi wa kipindi, Jeff Martin, akapita njia hiyo.

Kwa maoni yangu, kunyimwa kuliwafaa kuliko ambavyo kupewa kungewafaa. Mwishoni mwa tamthilia, Blanche, mhusika mkuu ambaye Marge anamwigiza, anapochukuliwa kupelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, anasema kwamba siku zote ametegemea wema wa watu asiowajua, na hiyo ni kauli ya mtu aliyekwisha kuvunjika. Katika katuni, kauli hiyohiyo inageuzwa wimbo wa furaha wa kufungia onyesho, waigizaji wote wakiusifu wema wa wageni kana kwamba hakuna aliyeumia. Mwongozaji wao, Llewellyn Sinclair, ambaye sauti yake ni ya Jon Lovitz, ameisoma tamthilia nzima asiielewe hata chembe.

Binti Ubao alijibu:

Naongezea kuhusu New Orleans. Wimbo wa ufunguzi unaueleza mji huo, ambako hadithi ya Williams inatokea, kuwa makao ya maharamia, walevi na makahaba, kisha unamalizia orodha hiyo kwa maduka ya zawadi za watalii yenye bei ya kuruka, kana kwamba hayo ndiyo maovu makubwa kupita yote. Martin aliufuatisha wimbo wa mwanzoni mwa Sweeney Todd, tamthilia ya nyimbo ya Stephen Sondheim ya mwaka 1979, ambamo mhusika mkuu anaiimba London kwa chuki, kwa hiyo aliyekuwa akitaniwa hasa ni watunzi wa tamthilia za nyimbo.

Kwa bahati mbaya, gazeti la Times-Picayune la New Orleans lilichapisha maneno ya wimbo huo kabla kipindi hakijarushwa tarehe 1 Oktoba 1992. Maneno matupu, bila muziki, bila picha na bila mzaha unaoyazunguka, yalisomeka kama matusi, na wakazi wakawaka. Fox ilitoa taarifa ya kusikitika, ikieleza kwamba maneno ya wimbo yalinukuliwa nje ya muktadha wake. Tarehe 8 Oktoba, kipindi cha "Homer the Heretic" kilianza kwa adhabu ya Bart uliyoiona, ambayo ilikuwa njia ya watengenezaji kuomba radhi.

Msomaji wa Usiku:

Nawashukuru sana. Hata hivyo, nilikuwa nikiamini kwamba kipindi kimoja cha katuni huchukua miezi mingi kutengenezwa. Waliwezaje kukibadilisha ndani ya siku 7?

Fundi Sauti alijibu:

Ni kweli kwamba huchukua miezi, na nyimbo ndizo huleta ugumu zaidi. Mtunzi wa muziki wa kipindi hicho, Alf Clausen, alikuwa akirekodi kwanza sauti ya kinanda ya muda, ambayo waigizaji waliimba wakiifuata; wachoraji nao walizichora picha zao wakilenga sauti hizo, ili midomo ifunguke na kufungwa sawasawa na mapigo, na okestra kamili ilirekodiwa mwishoni, baada ya picha kukamilika. Kwa mpangilio huo, kubadilisha ubeti mmoja baada ya picha kuchorwa maana yake ni kurudi hadi kwa waimbaji wenyewe.

Kipande cha ubaoni ni kitu kingine kabisa. Kinakaa katika utangulizi, nje ya hadithi, na Bart anaandika bila kusema neno lolote, kwa hiyo hapana sauti ya kurekodiwa upya wala mdomo wa kulinganishwa nayo. Kinachobadilika ni maandishi ya chaki tu.