Wenye kipandauso mliopewa dawa za presha, tupeane uzoefu

Subira: Ndugu zangu, kipandauso kimenitesa miaka 11. Kinagonga upande mmoja, mwanga unachoma macho, natapika, siku mbili nimejifungia gizani. Nilipoandikiwa propranololi, moja ya dawa za presha, nilishangaa, maana presha yangu haina shida. Daktari akanieleza kuwa hii si ya kutuliza maumivu yakishaanza. Kichwa kinauma, hakiumi, unameza kila siku ili mashambulizi yapungue. Nikaanza na miligramu 40 asubuhi na jioni. Wiki ya tatu sikuona lolote, nikataka kuacha. Wiki ya nane nikafungua daftari ninaloandikia: siku 9 za maumivu kwa mwezi zimekuwa 4. Hakijaisha, ila nimeanza tena kupanga mambo yangu bila hofu. Ninyi je?

Baba Pacha: Kwangu ilipunguza, lakini vidole vilikuwa baridi, ngazi zikanishinda, na usiku ndoto za kutisha mfululizo. Nikavumilia miezi miwili bila kumwambia daktari, kosa langu hilo. Nilipomwambia alinibadilishia metoprololi, dawa ya kundi hilohilo. Ndoto zimekwisha, uchovu umebaki kidogo.

Tulizo: Jamani, msiikate ghafla! Vidonge viliniishia safarini, nikajiambia napumzika. Siku chache tu moyo ukaenda mbio, kichwa kikarudi kwa nguvu zote. Kumbe hupunguzwa taratibu, tena kwa maelekezo ya daktari. Na kitu kingine: haikunisaidia sawasawa mpaka nilipoacha kumeza dawa za maumivu karibu kila siku. Zile nazo zikizidi huleta maumivu yake ya kichwa.

Nuru: Mimi nilikuwa na pumu utotoni, nikaona ni mambo ya zamani, sikuitaja. Wiki ya kwanza tu kifua kilibana, napumua kwa mluzi, nikakimbizwa hospitali usiku. Propranololi haichagui, inagusa moyo na njia za hewa pia. Mwenye pumu aseme kabla hajaandikiwa chochote. Na mwenye kisukari anayetumia insulini aseme pia, kwa sababu sukari ikishuka anaweza asisikie ule moyo kwenda mbio unaomshtua.

Subira: Pole sana dada Nuru. Walikuhamishia dawa gani?

Nuru: Asante. Amitriptilini, dawa ya sonona inayotumika pia kuzuia kipandauso, kidonge kimoja usiku. Ndiyo kwanza wiki ya tano, daftari ninalo. Nitarudi kuwaambia.