Meseji za wagonjwa zinanimaliza, naombeni ushauri

Tabibu wa Masasi: Habari wakuu. Mimi ni daktari huku Masasi. Wagonjwa wananitumia meseji WhatsApp usiku na mchana: picha za vipele, majibu ya vipimo, sauti ndefu. Nikitoka zamu ndipo naanza kuzijibu. Usingizi umekata, na watoto nyumbani wananiogopa. Nifanyeje?

Ntwara Kuchele: Zima data usiku, mkuu. Mimi ni bodaboda hapa Mkuti, msimu wa korosho abiria walikuwa wakinipigia alfajiri. Nilizima, wakazoea.

Mama Naliendele: Udaktari ni wito, mwanangu. Mimi mama yangu alibebwa kwa machela kwenda Ndanda, akajifungulia njiani. Simu hatukuwa nayo.

Kalamu ya Newala: Hata Marekani wanalia. Hospitali ya Cleveland Clinic mwaka 2022 walianza kutoza baadhi ya meseji, zile zinazomtaka daktari akae afikirie. Kwetu muuguzi angezipitia kwanza, za kuuliza tarehe ya kliniki azimalize yeye. Ila namba yako waliipata wapi?

Tabibu wa Masasi: Si unajua, mji mdogo huu.

Kalamu ya Newala: Wapi, daktari?

Tabibu wa Masasi: Niliandika kwenye kadi za wajawazito wenye presha. Wanapima zahanati za kwao, wananitumia. Nimeshanunua laini mpya, hii naizima Ijumaa. Msinilaumu. Silipwi hata vocha, na nikianguka mimi watabaki na nani?

Mama Naliendele: Usizime, baba! Hao wanakutegemea.

Bao la Msimbati: Chai hii. Daktari gani anafungua uzi saa nne asubuhi? Taja presha ya mjamzito ya kukimbizwa hospitali.

Tabibu wa Masasi: 160/110, hata akijiona mzima. Chini ya hapo, akiumwa kichwa sana au akiona maluweluwe, asisubiri. Nimetoka zamu ya usiku, ndugu.

Ntwara Kuchele: Hayo hata mtandaoni yapo.

Kalamu ya Newala: Yawepo. Maneno hayohayo yaweke kwenye jibu linalojituma lenyewe, pamoja na namba ya wodi ya wazazi. Laini ibaki kliniki, ashike aliye zamu. Mganga mfawidhi anasemaje?

Tabibu wa Masasi: Hajui kama namba yangu iko kwenye kadi.

Kalamu ya Newala: Basi mwone kabla ya Ijumaa. Laini usiiguse.