Nguruwe akiuawa kwa amri ya serikali, nani alipe?

Mfugaji wa Kasapa (anafungua mjadala)

Wapendwa, nafungua mada hii nikiwa na hasira kidogo, mtanivumilia. Majuma matatu yaliyopita homa ya nguruwe ya Afrika, hapa Lubumbashi, Kongo, wengi tunasema pesti, iliingia kwa jirani yangu. Dume wake aliacha kula, masikio yakawa mekundu, halafu ya zambarau, siku ya nne akafa. Kabla ya juma kwisha, zizi lilibaki na wawili. Akaja agenti wa serikali (ofisi siitaji), akaandika karatasi: hao wawili wauawe, wazikwe, chokaa imwagwe. Jirani akauliza, "Na makuta yangu?" Agenti akacheka. Akasema chokaa pia atanunua mwenye zizi, na usafiri wake agenti ulipwe.

Wale wawili hawakuuawa. Usiku uleule waliondoka kwa pikipiki. Mmoja wao nadhani tulimla Jumapili, sisi sote.

Siku ya tisa ugonjwa ulikuwa kwangu. Nilikuwa na nguruwe kumi na mmoja, wawili wana mimba, na hao wawili ndio walikuwa minervali, yaani karo ya shule, ya binti yangu mwaka ujao. Leo kuku wa jirani wanataga katika banda langu.

Hoja yangu ni hii. Ugonjwa huu hauna dawa. Chanjo iliruhusiwa Vietnam tangu 2022, lakini hapa kwetu hakuna mfugaji anayeweza kwenda kuinunua. Silaha iliyobaki ni kupata habari mapema. Na habari ya kwanza anayo nani? Mwenye nguruwe. Ni yeye anayeona asubuhi kwamba mnyama amekataa pumba. Kati ya asubuhi hiyo na jioni ana simu mbili za kupiga: kwa veterineri, daktari wa wanyama, au kwa bushe, muuza nyama. Bushe analipa. Mtashangaa nini basi?

Serikali ikiua bila kulipa, inafundisha ugonjwa kutembea usiku. Nataka fidia. Theluthi mbili ya bei ya soko kwa kila nguruwe aliye hai siku mwenyewe alipotoa taarifa. Kwa aliyekwisha kufa, sufuri. Hapo kila siku ya kuficha inamtoa mtu pesa mfukoni. Hispania iliishi na ugonjwa huu tangu 1960. Mwaka 1985 walianza mpango wa kweli, timu za veterineri zinazozunguka vijijini na fidia kwa wanaouliwa mifugo, na 1995 wakaumaliza. Ubelgiji ulipoingia tena Septemba 2018 kupitia nguruwe-mwitu, waliua kwa tahadhari nguruwe wa kufugwa wa eneo lile na kuwalipa wenyewe. Desemba 2020 nchi ikatangazwa safi.

Na msiniambie hakuna pesa. Sheria ya madini ya 2018 inaipa jimbo robo ya mrabaha wa migodi. Tuko Haut-Katanga, malori ya shaba yanapita mbele ya banda langu usiku na mchana.

Papa wa Kampemba

Pole, mudogo wangu. Kupoteza kumi na mmoja si mchezo. Lakini mimi nimeshika vitabu vya hesabu miaka thelathini, na nasoma pendekezo lako kama mhasibu.

Nchi hii tumeona walimu hewa katika listi za mishahara. Unafikiri nguruwe hewa watashindwa kuzaliwa? Mtu mwenye wawili ataandikisha tisa, shefu wa kartie atapiga muhuri, agenti atachukua nusu. Na kuna baya zaidi. Siku soko limeanguka, nguruwe anauzwa kwa bei ya kutupa na serikali inatoa theluthi mbili ya bei ya kawaida. Ni nani atashindwa kutafuta kipande cha nyama ya mgonjwa na kukitupa katika zizi lake mwenyewe?

Hispania na Ubelgiji ni mifano ya watu wenye hazina. Tazama China. Ugonjwa uliingia Agosti 2018. Septemba serikali ikapandisha fidia kutoka yuan 800 mpaka 1,200 kwa kichwa. Kwa karatasi ilikuwa nzuri. Ila serikali za mitaa zilitakiwa kutoa sehemu yake, na nyingine zilikuwa na mifuko mitupu. Zikaona nafuu kutoripoti. Mfugaji anaficha, na ofisi nayo inaficha. Ahadi ya fidia isiyolipwa ni mbaya kuliko kukosa fidia kabisa, maana mara ya pili hakuna atakayekuamini hata ukija na sanduku la noti.

Kuhusu robo ya madini: hiyo robo ina midomo mingi. Barabara, hospitali, maji. Nguruwe atakaa nyuma kabisa ya mstari.

Mama wa michopo, Katuba

Mnabishana pesa. Mimi niliyepika nyama hiyo, je? Watu watakufa?

Munganga wa wanyama

Mama, hapana. Virusi hivi havimgusi mtu. Ukiila umeila. Shida ni nguruwe mwingine, nitakuja hapo.

Nitasema jambo ambalo wenzangu hawatapenda. Kabla ya kuuliza nani alipe, ulizeni nani amethibitisha. Agenti aliyekwenda kwa jirani ya ndugu wa Kasapa alichukua damu? Alichukua kipande cha bandama? Nasikia hapana: alitazama masikio, akaandika karatasi. Kuna ugonjwa mwingine, rujeti, unaoleta homa kali na ngozi nyekundu, mara nyingi kwa mabaka yenye pembe kama karata. Huo ni wa bakteria. Penisilini inautibu. Mimi nimeitwa mara nyingi, "Munganga, kimbia, pesti iko naingia," nikadunga penisilini, baada ya siku mbili nguruwe anagombania chakula. Huyo kwa karatasi ya agenti angekuwa chini ya chokaa.

Mjini hapa kuna kitivo cha tiba ya wanyama katika Univesite ya Lubumbashi. Kinachokosekana ni njia ya sampuli kutoka zizini mpaka maabara ikiwa bado baridi, na jibu kurudi kabla mnyama hajafa. Kama jimbo lina pesa ya kitu kimoja tu, mimi ningeiweka hapo: barafu, pikipiki, vitendanishi vya maabara. Fidia ifuate jibu la maabara. Papa wa Kampemba, hata nguruwe wako hewa watapungua, kwa sababu nguruwe hewa hana damu ya kupima.

Sasa lile la kujichoma mwenyewe. Sisi waganga tunaueneza. Naingia zizi la kwanza saa mbili, la pili saa tatu, kwa buti zilezile. Sindano moja inapita wanyama sita, kwa sababu mteja hataki kulipia sindano sita. Baada ya kuona mlolongo wa vifo uliofuata njia yangu ya Jumanne, nyumba kwa nyumba, nilianza kubeba ndoo ya javeli, dawa ya kuua vijidudu, na brashi. Nilichelewa. Sikuwaambia wale watu. Nawaambia leo.

Wa Kasumbalesa

Nyinyi wa mjini mnasahau mpaka. Zambia nao wanaugua ugonjwa huuhuu, na kwao mara kwa mara unafunga masoko. Mnyama anayekatazwa kuuzwa upande mmoja anatafuta bei upande wa pili. Anapita porini akiwa hai, au anapita njia kuu akiwa soseji, na baridi ya friji haiui virusi. Huduma ya karantini iko pale mpakani, inatazama makaratasi. Makaratasi ya mtu anayepita porini yako wapi? Lipaneni, msilipane, mlango uko wazi.

Mwanafunzi, UNILU

Niruhusuni wakubwa, mimi bado nasoma, lakini kuna mfano hamjaugusa nao ndio unaofanana nasi kuliko Ulaya. Haiti. Ugonjwa ulifika kisiwa kile mwishoni mwa miaka ya 1970. Marekani ikaogopa kwa mashamba yake, ikasukuma na kugharimia mpango wa kuua nguruwe wote, nchi nzima. Kufikia 1983 nguruwe mweusi wa kienyeji, aliyejitafutia chakula na kuvumilia kila kitu, hakuwepo tena. Kwa mkulima yule nguruwe alikuwa benki, kama kwa papa wa Kasapa hapa. Ugonjwa ukaisha kweli. Wengi walilalamika kwamba hawakuona fidia, na waliopewa nguruwe wengine walipewa weupe wakubwa kutoka Marekani, wanaotaka chakula cha kununua na sakafu ya saruji. Watu wakawaita wana wa wafalme wenye miguu minne.

Kwa hiyo "serikali ilipe" peke yake haitoshi. Swali ni inalipa nini.

Pia naona tunaisubiri serikali kana kwamba sisi hatujui likelemba, ule mchango wa pamoja kama upatu. Wafugaji ishirini wa kartie moja wanaweza kuweka kitu kila mwezi. Akipatwa mmoja, anatolewa. Nguruwe hewa hawezi kuingia, kwa sababu majirani wanajua una wangapi.

Mfugaji wa Kasapa

Nimesoma yote. Mwanafunzi, likelemba ni nzuri kwa matanga na kwa harusi, kwa sababu hatufi wote siku moja. Pesti inaua kartie nzima ndani ya mwezi. Siku ya kufungua sanduku, ishirini wote tuko kwenye mstari na hakuna wa kuchanga. Ingefaa kama wafugaji wa Kasapa wangechanga pamoja na wa Likasi na wa Kipushi, na hapo tunarudi kwenye ofisi, kitabu na mhasibu. Papa wa Kampemba, uko tayari?

Kuhusu nguruwe hewa nakubali, umenibana. Nabadilisha: serikali isitoe noti. Itoe watoto wa nguruwe. Baada ya kuua na kusafisha, zizi likae tupu siku arobaini, kisha walete wawili kwanza. Hao ndio kipimo: wakiishi, wengine wafuate. Mwizi wa fidia atafanya nini na watoto wa nguruwe wanaokuja baada ya mwezi na zaidi, tena wanaotaka kulishwa?

Mwanafunzi, UNILU

Wa kienyeji lakini. Si wale weupe.

Papa wa Kampemba

Watoto wa nguruwe watatoka wapi? Shamba la serikali la kuzalisha? Tutajenga lingine la kuibiwa. Ila nakiri, ni vigumu zaidi kuweka nguruwe mfukoni kuliko noti.

Kwa ile kazi ya uhasibu, mudogo, usinicheke. Niulize tena wakiwa wametoka Likasi na Kipushi kweli.

Munganga wa wanyama

Siku arobaini, sawa, lakini zizi la mbao zenye nyufa na sakafu ya udongo hulisafishi. Virusi vinakaa kwenye damu na mavi. Na hata zizi likiwa safi, tutawalisha nini hao wapya? Mjini hapa nguruwe wanakula machicha ya munkoyo (kinywaji cha mahindi), dreshi (masalia) ya pombe, na mabaki ya malewa, vibanda vya chakula. Machicha hayana neno. Mabaki ndiyo mlango. Katika ndoo ya bukari (ugali) na samaki kuna kipande kimoja cha nguruwe, na hicho kinatosha. Mabaki yachemke saa nzima huku yakikorogwa, au yasilishwe. Nasema hivi miaka, watu wananijibu makaa ni ghali. Ni ghali kweli. Mimi mwenyewe nanunua.

Kama mnataka nitaje kitu kimoja ambacho serikali ingeweza kulipia bila mwizi kupata faida kubwa, ni makaa ya kuchemshia mabaki. Mtacheka.

Wa Kasumbalesa

Makaa hayo yatapikia bukari.

Mama wa michopo, Katuba

Munganga, ulisema utarudi kwenye nyama. Nina robo ya nguruwe katika friji, nilinunua juzi kwa bei rahisi sana, aliyeleta alikuwa na haraka. Sasa nifanye nini?

Munganga wa wanyama

Pika, uza, pesti haimgusi mtu. Lakini maji ya kuoshea nyama hiyo yasimwagwe panapopita nguruwe, na mifupa uichome au uizike kwa kina mbwa asifukue. Mifupa unaipeleka wapi kawaida?

Mama wa michopo, Katuba

Kuna kijana anaipitia kila jioni na ndoo. Anasema ni ya mbwa wake. Sijawahi kumuona na mbwa.