Mlituuzia diploma ya watoto wa Fomu Tatu, sasa mnasema "asubiri KCSE". Wazazi wa Malindi turudishieni pesa zetu!

Wanajamvi, salaam. Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuipoza kwanza.

Hapa Malindi kuna chuo cha binafsi kinachosajili watoto ambao bado wako sekondari. Jina lake nimeliandika kwenye barua ya malalamiko, hapa sitalitaja. Walikuja shuleni kwa binti yangu siku ya wazazi, wakapewa maikrofoni mwalimu mkuu akiwa amekaa pale pale, wakatuambia mtoto akiingia Fomu Tatu anaanza diploma, Jumamosi na likizo, na akimaliza Fomu Nne anatoka na vyeti viwili, cha KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari) na cha diploma. "Marekani ndivyo wanavyosoma," akasema yule kijana wa suti. Kipeperushi chao kilikuwa na picha ya watoto waliovaa majoho.

Wazazi wengi tulijiandikisha siku ile ile. Binti yangu akachagua usimamizi wa hoteli na utalii. Mji huu unaishi kwa hoteli, kila mtu anajua. Mtoto anaongea Kiitaliano cha kutosha kumwelekeza mgeni mpaka Gede na kumrudisha, anapenda kazi ya watu, alichokosa ni karatasi tu. Shilingi 12,000 kila likizo, 500 kila Jumamosi, sare nyeusi na nyeupe juu yake, na nauli ya tuktuk. Mimi ni fundi wa cherehani. Pesa hiyo ilitoka kwenye madira ya watu niliyoshona usiku.

Ikafika wakati wa kusajili mtihani wa KNEC, baraza la mitihani la taifa, wa moduli ya kwanza ya diploma. Binti akarudi nyumbani kimya. Nikaenda mwenyewe.

Karani wa mapokezi akaniambia, "Mama, huyu hana KCSE. Hatuwezi kumsajili."

Nikamwuliza, "Na hamkujua hana KCSE mlipomchukua? Si alikuja na sare ya shule?"

"Ile ilikuwa ada ya maandalizi, mamangu. Akipata matokeo yake, aje aanze."

Aanze! Yaani zile Jumamosi zote na likizo zote hazihesabiki. Aanze moduli ya kwanza upya, alipe upya, akae darasani na mtoto ambaye hajawahi kukanyaga pale.

Nikaomba faili lake. Nataka mlione kama nilivyoliona. Ile fomu ya usajili ina sehemu ya nambari ya mtihani wa KCSE na alama aliyopata. Sehemu nyingine zote zimejazwa kwa kalamu ya wino. Pale kwenye KCSE pameandikwa kwa penseli: "itajazwa". Aliyeandika neno hilo kwa penseli alikuwa anajua anachokifanya. Alijua bila hiyo nambari hakuna diploma, akachukua pesa yangu, akaweka penseli. Na risiti, nimezitazama tena zote, hakuna hata moja iliyoandikwa jina la kozi. Zote zinasema "ada".

Masharti yenyewe si siri. Kuingia diploma unatakiwa uwe na KCSE, wastani wa C- kwenda juu. Cheti cha ufundi ni D. Shahada ni C+. Mlango wa diploma kwetu ni KCSE, na mtoto wa Fomu Tatu hajaufikia huo mlango hata angekuwa na akili za namna gani. Chuo kinachosajili watahiniwa wa KNEC kila mwaka hakiwezi kusema hakikujua. Nikauliza swali jingine: je, akipata D+? Jibu: "Tutamshusha kwenye cheti." Na pesa za diploma nilizokwisha lipa? Kimya. Akaanza kupanga karatasi zake.

Kuna kingine kinachoniuma zaidi ya pesa. Jumamosi ndiyo siku mwalimu wa hesabu pale shuleni huwasaidia waliobaki nyuma, bure, kwa moyo wake. Binti yangu alikuwa anaikosa kila wiki kwa sababu yuko "chuoni". Alama zake za hesabu zimeshuka kutoka mtihani mmoja hadi mwingine, na hiyo ndiyo alama itakayoamua wastani wake wa KCSE. Mnaona mzunguko huo? Kozi iliyotakiwa kumtangulizia diploma imemsogeza mbali na alama inayohitajika kuingia diploma.

Sasa hilo la Marekani. Nimelisoma, kwa sababu nilitaka kujua kama yule kijana wa suti alituambia uongo mtupu ama nusu. Ni nusu, na nusu ndiyo mbaya zaidi. Ni kweli Marekani mtoto wa sekondari anaweza kusoma kozi za chuo. Jimbo la Minnesota lilitunga sheria yake mwaka 1985. Jimbo la Washington lina mpango unaoitwa Running Start, uliopitishwa mwaka 1990, wa wanafunzi wa darasa la 11 na la 12. Mtoto anakaa darasa moja na wanafunzi wa chuo, anafanya mtihani uleule, na akifaulu alama inaingia sehemu mbili, kwenye rekodi ya shule na kwenye rekodi ya chuo. Somo moja, hesabu mbili. Karo ya masomo halipi mzazi. Inatoka kwenye fedha za umma, mzazi anabaki na vitabu, ada ndogo ndogo na usafiri. Mwaka wa masomo wa 2022-23 karibu wanafunzi milioni 2.5 wa sekondari nchini humo walichukua angalau kozi moja ya chuo kwa mipango ya namna hii.

Na hata huko, pamoja na sheria zote hizo, si kila chuo kikuu kinazipokea alama hizo. Vingine vya binafsi, na vingine vya nje ya jimbo, vinakataa, mtoto akajikuta anarudia. Kwa hiyo mtoto hushauriwa aulize mapema: chuo ninachotaka kwenda baadaye kitaitambua kozi hii? Ni swali la msingi kabisa. Kwetu hakuna aliyetushauri tuliulize. Wenzetu wana sheria, wana makubaliano ya maandishi kati ya shule na chuo, wana alama iliyoandikwa mahali isipofutika. Sisi tulipewa kipeperushi na penseli.

Mwalimu mkuu naye asijifiche. Nilimwendea kwa heshima, nikamwita mwalimu kama inavyostahili, akaniambia shule haina mkataba wowote na chuo kile, walikuja "kama wageni tu". Mgeni hapewi maikrofoni siku ya wazazi, mwalimu. Sisi tuliwaamini kwa sababu tuliwaona mbele yako. Ungetuambia tu "mimi siwajui, fanyeni uchunguzi wenu", nusu ya wazazi wale wasingetoa shilingi.

Halafu angalieni na hili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza watoto kufanyishwa masomo ya ziada shuleni wakati wa likizo. Shule ikiita watoto mwezi wa nane, maafisa wanafika. Lakini mtoto huyo huyo akipelekwa ghorofa ya pili ya jengo la maduka, akaambiwa anasoma diploma, hakuna anayeuliza. Wametafuta pengo wakalikalia. Likizo ya watoto wetu wameigeuza biashara.

Nimeandika leo, sikungoja, kwa sababu wameanza tena. Watoto wa Gredi ya 10, kundi la kwanza la sekondari ya juu lililoingia Januari 2026, sasa wanafuatwa kwa maneno mapya: "Mtoto wako yuko njia ya STEM? Mpe diploma ya kompyuta aanze mapema." Wazazi wa watoto hawa bado tunahangaika kuzielewa hizo njia tatu za masomo: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu), sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Mtu aliyechanganyikiwa ndiye wa kuuziwa kitu haraka. Dada yangu wa Muyeye ameshapigiwa simu mara mbili. Nambari walitoa wapi? Sijui nani anawapa orodha za wazazi, lakini mtu anawapa.

Mimi sipingi mtoto kuanza mapema. Ningetaka binti yangu apate nafasi ile ya Minnesota hapa hapa Malindi. Vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya serikali za kaunti kwa Katiba ya 2010, kwa hiyo kwetu ni Kaunti ya Kilifi. Karakana zao Jumamosi zinatumika na nani? Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi mjini, matatu moja tu. Na tangu sheria ya mwaka 2014 tuna KNQA, mamlaka ya taifa ya sifa za masomo, ambayo kazi yake mojawapo ni utaratibu wa mafunzo kutambuliwa na kuhamishwa kutoka ngazi moja kwenda nyingine. Wakae chini, waandike: mtoto wa sekondari akisoma kozi hii, kwenye chuo hiki, akafaulu, itahesabiwa namna hii atakapomaliza. Ukurasa mmoja tu ungetosha kuwafungia biashara matapeli. Wazazi wangejua cha kuuliza.

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu yenu:

Aliyeandika "mama, muhimu ujuzi, cheti kitakuja": ujuzi upi, ndugu yangu? Nimemkalisha binti nikamwuliza amefundishwa nini. Kukunja leso za mezani namna tatu. Kupanga uma na visu. Kunakili maandishi kutoka ubaoni. Mwalimu ni mmoja, na ndiye huyo huyo anayefundisha kompyuta chumba cha pili, anawaacha na kazi anavuka kule. Jikoni hawajaingia. Hoteli hawajapelekwa hata moja, kwenye mji huu! Na kama hoja ni ujuzi, NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, wana mitihani ya ufundi ya gredi ya tatu mpaka ya kwanza ambayo haiulizi alama za KCSE, inapima kazi ya mikono yako. Wangetuambia wanawaandaa watoto kwa hiyo, tungeamua macho wazi. Walisema diploma.

Aliyeuliza kama chuo kimesajiliwa: nimeuliza TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya ufundi, nangoja jibu la maandishi. Wengi hawajui kwamba TVETA huidhinisha chuo na pia huidhinisha kozi moja moja. Cheti cha usajili kilichotundikwa ukutani hakimaanishi kila kozi iliyo kwenye kipeperushi imeruhusiwa. Ukienda pale, usiridhike na ukuta. Uliza kozi ya mtoto wako, kwa jina, na nani anatoa mtihani wake.

Aliyeniambia nisamehe, eti pesa si nyingi: kwako. Nimeongea na baba mmoja wa Maweni, mvuvi, amelipia watoto wawili. Yule wa pili alikuwa Fomu Mbili alipoandikishwa. Fomu Mbili, jamani.

Sasa, wenye risiti. Mahakama ya Madai Madogo ipo kwa sheria ya mwaka 2016, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na huhitaji wakili. Tukienda mmoja mmoja watatuzungusha, tukienda pamoja itawawia vigumu. Niandikieni faragha, mniambie mtoto alikuwa kidato gani, kozi gani aliahidiwa na mlilipa kiasi gani. Ujumbe wa M-Pesa msiufute. Kipeperushi kama mnacho, kipigeni picha pande zote mbili.

Na la haraka: tangu juzi wanawaita wazazi ofisini kutia sahihi karatasi inayosema pesa zilikuwa za "maandalizi" na kwamba mzazi alielezwa hivyo tangu mwanzo. Wanawaambia ni ya kuhuisha faili. Msitie sahihi.