Magneto ya Slick inakaribia saa 500: tuanzie wapi kuikagua?

Ndege_Ndogo: Wakuu, habari za kazi. Cessna 172P, injini Lycoming O-320-D2J, inalala nje hapa JNIA, uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Tukijaribu magneto (vifaa viwili vya Slick vinavyotoa umeme wa cheche za plagi) moja moja kwenye mizunguko 1700 kwa dakika, ya kulia inashusha mizunguko 60, ya kushoto 140. Kitabu kinaruhusu 125, na tofauti isizidi 50. Injini haitetemeki. Tubadilishe plagi kwanza au tuifungue magneto?

Hanga_Kipawa: Mkuu, hapo kwenye "haitetemeki" ndipo pa kushika. Plagi chafu au waya uliotoboka huua silinda moja, na injini hutikisika papo hapo. Ikishuka kwa ulaini, shuku taimingi (wakati wa cheche) iliyochelewa au mafuta yaliyozidi hewa. Punguza mafuta kidogo, rudia jaribio. Ikibaki 140, pima taimingi ya nje, yaani ya magneto dhidi ya injini, kabla ya kufungua chochote. D2J ni nyuzi 25 kabla ya pistoni namba 1 kufika juu kwenye kompresheni, lakini soma bamba la injini yenyewe. Propela izungushwe kwa mwelekeo wake hadi kaplingi ya impalsi (springi inayochelewesha na kukazia cheche wakati wa kuwasha) ilie "tak", irudishwe nyuma kupita kidogo alama ya 25, kisha isogezwe mbele polepole, ndipo usome.

Ndani ya magneto kuna pointi, swichi ndogo inayofunguliwa na kamu ili cheche itoke. Kisigino chake kinachosugua kamu kikilika, mwanya wa pointi hupungua, zinafunguka kwa kuchelewa na cheche inadhoofika. Nyuso za pointi zikilika ni kinyume chake, cheche inawahi. Ndiyo maana kurekebisha taimingi ya nje peke yake kunaficha ugonjwa wa ndani.

Umeme_Angani: Naongezea ya umeme. Pointi nzima zina rangi ya kijivu iliyofifia, kama zimepulizwa mchanga laini. Zikiwa za bluu au zina shimo upande mmoja na kilima upande wa pili, kondensa (inayozuia pointi zisiungue) imechoka. Badilisha vyote viwili pamoja. Msiguse msasa wala tupa. Grisi ikizidi kwenye kamu hurukia pointi na kuziunguza. Ukikuta oili ndani, sili ya shafti imeshindwa.

Koili itazame nyufa na alama za kuungua, kisha pima ukinzani na ulinganishe na kitabu cha Slick. Kwenye bloku ya distribyuta (inayogawa cheche kwa kila silinda) tafuta mistari myembamba myeusi kati ya nguzo. Chunguza pia brashi ya kaboni na springi yake. Cheche hutengeneza ozoni na gesi za naitrojeni. Zikikutana na unyevu wa pwani yetu huwa asidi, kwa hiyo matundu ya hewa lazima yawe wazi.

Ndege_Ndogo: Hiyo mistari haisafishiki kwa spiriti?

Umeme_Angani: Hapana. Plastiki yenyewe imeshageuka kaboni, umeme utapita palepale tena. Bloku mpya tu.

Hanga_Kipawa: Jambo la kuokoa maisha: ukichomoa waya wa P, unaokwenda kwenye swichi na kuizima magneto kwa kuipa athi, magneto inabaki hai, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Kaplingi ya impalsi inatoa cheche hata propela ikisukumwa polepole kwa mkono. Kata mafuta, chomoa plagi moja kila silinda, ndipo mzungushe. Mkimaliza, injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini kabisa, weka swichi OFF mara moja kisha uirudishe BOTH (magneto zote mbili). Injini isipoanza kuzimika, kuna magneto isiyopata athi. Ndege isiachwe hapo uwanjani bila alama ya onyo kwenye propela.